Jembe si Adhabu

Napenda kusema jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu likizo iliyopita. Jambo lenyewe ni hili: sisi tunaosoma tunazipoteza kazi za mikono walizozijua wazee wetu, na kwa kuzipoteza tunajitia katika hatari ya umaskini, hata tukipata vyeti vizuri na mishahara. Najua wako watakaosema, "Ah, hotuba ile ile ya kila siku juu ya kilimo." Nawaomba wanivumilie kidogo. Sikusudii kumhimiza mtu aache ofisi arudi shambani. Nataka kuonyesha kosa moja tunalolifanya hapa hapa shuleni na nyumbani, na namna tunavyoweza kulisahihisha.

Nitaanza na habari ya kwetu Kaisho, kwa kuwa mimi mwenyewe nimo katika kosa hilo.

Nina baba mdogo ambaye ni mwalimu mjini. Ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata shahada, na tangu utoto wangu nimekuwa nikiambiwa, "Soma, uwe kama baba yako mdogo." Mwezi wa Desemba alikuja nyumbani kwa likizo. Asubuhi moja bibi alikwenda msibani, na baba mdogo akasema, "Haya, tumfurahishe mama. Tumsafishie kibanja chake." Akachukua panga, nami nikamfuata na panga la pili. Tulikata majani makavu, tukakata na yale maua dume yanayoning'inia chini ya mikungu. Tukatoka mgomba huu, tukaingia ule, mpaka saa saba mchana. Kibanja kikapendeza macho.

Bibi aliporudi jioni hakutusifu. Aliuliza neno moja tu: "Mapanga mmeyachoma?" Baba mdogo akacheka, akajibu, "Mama, mapanga nayo huchomwa?" Bibi akaketi kizingitini, akanyamaza kimya.

Wasomaji wanaotoka Karagwe na Kyerwa wamekwisha kuelewa. Kwa ajili ya wengine nitaeleza. Uko ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko, ambao uliripotiwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 2006. Huletwa na bakteria. Mgomba ukishikwa, majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiipasua ndizi utaona ndani rangi ya kutu. Ukikata shina, hutoka utomvu wa manjano. Hauna dawa ya kuuponya. Ugonjwa huu husafiri kwa njia tatu kubwa: kwa machipukizi yaliyochukuliwa katika shamba lenye ugonjwa, kwa wadudu wanaotua juu ya ua dume, na kwa kisu au panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Kwa hiyo anayejua hapiti kutoka mgomba mmoja hadi mwingine bila kulipitisha panga motoni, au kulitia katika maji yenye dawa ya kung'arishia nguo. Na ua dume halikatwi kwa panga kabisa. Huvunjwa kwa mti mrefu wenye panda, mara chana ya mwisho inapokwisha kutokeza.

Mwezi wa Juni nilipokwenda likizo tulikata mashina zaidi ya thelathini. Siwezi kuapa kwamba mapanga yetu ndiyo yaliyoueneza, maana wadudu nao wapo. Lakini bibi alinishika mkono akanipitisha katikati ya migomba, akanionyesha kwamba ugonjwa ulianzia pale tulipoanzia sisi asubuhi ile, ukafuata njia tuliyopita. Hakutukana, wala hakulalamika. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mlikuwa wasomi wawili."

Sasa natazameni ajabu ya jambo hili. Bibi yangu hajui kusoma. Habari za kuchoma mapanga hakuzirithi kwa mababu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni mgeni. Alifundishwa na bwana shamba katika mkutano wa kijiji, akasikiliza, akaenda akafanya kwa mikono yake mpaka ikawa mazoea. Baba mdogo amefundisha watoto wa watu juu ya bakteria. Mimi mwenyewe katika mtihani wa Biolojia nilipata alama nzuri katika swali la njia za kuenea kwa magonjwa. Lakini ile elimu ilikuwa katika daftari, na panga lilikuwa mkononi, na kati ya daftari na mkono hapakuwa na njia. Wahenga walisema kwamba elimu bila ya amali ni kama nta bila asali. Sisi siku ile tulikuwa nta tupu.

Habari haikuishia hapo. Baada ya mwezi mmoja nilikuja kufahamu jambo ambalo watu wazima walikuwa wakilificha. Kila mwezi bibi alikuwa akimpelekea baba mdogo ndizi mjini kwa basi, mikungu miwili au mitatu, na maharage. Mimi nilidhani ni zawadi ya mama kwa mwanawe. Kumbe ndicho kilikuwa chakula cha nyumba. Baba mdogo alikuwa amekopa fedha kujenga, kisha akakopa tena kulipa mkopo wa kwanza, na wa mwisho aliukopa kwa mmoja wa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la "kausha damu". Mkopeshaji akachukua kadi yake ya benki. Mshahara ukiingia, mkopeshaji hutangulia, na mwenye mshahara hupewa masalio. Basi yule mtu niliyeambiwa niwe kama yeye alikuwa akilishwa na mama yake mzee asiyejua kusoma, kwa kibanja kile kile tulichokiharibu.

Nimemwomba ruhusa kuandika haya, naye akanijibu, "Andika, ila usitaje jina. Wako wengi kama mimi."

Ni kweli, wako wengi. Wala si watu wavivu au wajinga. Hao ndio walimu wetu, waganga wetu na makarani wetu. Shida yao ni kwamba nyumba zao zimesimama juu ya nguzo moja, nayo ni mshahara. Nguzo hiyo ikitikisika, hawana ya pili.

Nitatoa mifano ya kutikisika huko, maana asije mtu akasema ni bahati mbaya ya nyumba moja.

Sisi wa Kaisho tu jirani na Uganda. Ukifika Murongo, unauona ng'ambo ya Mto Kagera. Mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Uganda zilifungwa, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Hapa Tanzania shule zilifunguliwa mwezi wa Juni mwaka ule ule wa 2020, kwa hiyo hatukuonja uchungu huo kwa muda mrefu. Lakini kule walimu wa shule za watu binafsi walikuwa wakilipwa kwa karo za watoto. Watoto wasipokuja hakuna karo, na karo isipokuwapo hakuna mshahara. Walimu wengi walikwenda kufyatua matofali, kukaanga chapati na kulima vibarua. Aliyekuwa na shamba na kujua kulilima alipata chakula. Aliyekuwa hajui ilimbidi ajifunze huku ana njaa, na njaa ni mwalimu mkali. Shule zilipofunguliwa, wengine hawakurudi darasani kabisa.

Katika nchi yetu wenyewe mambo kama hayo yalikwisha kutokea zamani, sisi hatujazaliwa. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na katika miaka ya 1980, bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki nyuma sana. Mshahara wa mwezi wa mtumishi haukuweza kumlisha mpaka mwisho wa mwezi. Maofisa na hata walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba zao, wakalima mboga, na wake zao wakaoka maandazi na kushona nguo za kuuza. Waliookoka ni wale waliokuwa bado wanakumbuka namna ya kufuga, kulima na kushona, kwa kuwa wengi wao walikuwa wametoka vijijini juzi tu. Miaka ya 1990 ilipofika, Serikali ilipunguza watumishi wake kwa maelfu, nao wakarudi makwao na barua mkononi.

Hebu fikirini: ikitukuta sisi shida kama ile, tutakumbuka nini? Wao walikuwa na utoto wa jembe na ng'ombe wa kuukumbuka. Wengi wetu tuna utoto wa daftari na simu.

Wala kuipata hiyo nguzo moja si jambo jepesi tena. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi za kazi 1,596, na walioomba walikuwa watu 135,027. Gawanya mwenyewe: kila nafasi moja iligombewa na watu 84 au 85. Na anayeipata kazi na kuitumikia mpaka uzee hana hakika kamili ya mwisho wake, maana kanuni za mafao hubadilika. Mwaka 2018 ulipangwa mkupuo wa asilimia 25 kwa wastaafu, watumishi wakalalamika, mpango ukasimamishwa. Mwezi wa Julai 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikakubali kuongeza mpaka asilimia 40 kwa wale waliokuwa zamani wakipewa nusu. Sisemi kwamba Serikali imefanya vibaya. Hesabu za mifuko hiyo ni ngumu kuliko akili yangu. Nasema tu kwamba mtumishi hana sauti peke yake juu ya kipimo hicho, na mtu asiyekuwa na kitu kingine hutetemeka kila kinapoguswa.

Pengine mtu atauliza, "Je, ufundi ukipotea si utajifunzwa tena siku utakapohitajiwa?" Swali hili lina jibu lake hapa hapa Kagera. Watu wa mkoa huu waliyeyusha chuma tangu zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Karagwe ilikuwa na wahunzi wenye sifa. Stanley alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme yenye sanamu za ng'ombe. Kisha zikaja jembe na vyuma vya Ulaya kwa bei nafuu, na tanuru zikazimika. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili kutoka Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walikuja Buhaya wakawaomba wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani waifanye tena. Wazee walikubali. Walijenga tanuru, wakatengeneza mivukuto, wakachoma mkaa. Lakini hawakufaulu mara moja. Iliwapasa kujaribu na kushindwa na kujaribu tena, maana mikono ilikuwa imesahau. Mwisho walifaulu, na habari zao zikaandikwa mwaka 1978 katika gazeti kubwa la sayansi la Marekani, na wataalamu wakastaajabia joto la tanuru zile. Lau wageni wale wangalichelewa miaka ishirini, wazee wangalikuwa kaburini na ujuzi wao pamoja nao. Basi ufundi si kitabu cha kuwekwa kabatini ukakisome utakapo. Hukaa katika mikono ya watu walio hai, na unaweza kupotea katika maisha ya mtu mmoja.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Kwa nini sisi tunaosoma tunaupoteza ujuzi huu? Wengi husema ni kwa sababu hatuna wakati, kwa kuwa masomo ni mengi. Mimi sikubali. Naona sababu ni kwamba tumefundishwa kuudharau, na tumefundishwa hivyo bila kusemwa neno.

Mwanafunzi akichelewa mstarini hupewa jembe. Akizungumza wakati wa maandalio ya usiku, hupewa jembe. Akishindwa kuvaa sare sawasawa, hulima mita kumi kwa kumi. Na yule aliyeshika nafasi ya kwanza hupewa nini? Hupewa daftari na kalamu, naye husamehewa kazi za nje. Hesabu hii mtoto yeyote anaweza kuifanya: jembe ni la mkosaji, kalamu ni ya mwema. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mtoto asiyefanya vizuri darasani huambiwa, "Utaishia kulima." Mama anayesema hivyo ameyasema maneno hayo huku jembe liko begani mwake, na ndilo lililomnunulia huyo mtoto sare. Baada ya miaka kumi na mitatu ya mafunzo ya namna hii, twashangaa kwa nini msomi huona haya kushika panga, na akilishika hajui kulitumia!

Yafaa tukumbuke kwamba hayo siyo aliyoyataka Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi mwaka 1967. Yeye hakutaka shamba la shule liwe gereza. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi yao wenyewe, waandike hesabu, waone faida na hasara, na wajifunze ukulima bora kwa kuufanya. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe peke yake. Mpango ulikwenda, na hesabu ikaenda, jasho likabaki. Jasho bila akili si elimu ya kujitegemea, ni kibarua.

Siku hizi Serikali imelianza jambo hili upya. Wadogo zetu walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio wa kwanza kuukuta mtaala mpya wenye mkondo wa amali. Sisi wa kidato cha nne tuliwatangulia, kwa hiyo umetupita. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini nina hofu moja. Mtaala mpya ukipandwa katika shule ambayo jembe na randa bado ni adhabu, mkondo wa amali utaonekana kuwa mkondo wa walioshindwa. Tayari nimewasikia wenzangu wakiuita hivyo kwa mzaha. Mzaha huo utatugharimu.

Nimejadiliana na marafiki zangu bwenini juu ya mambo haya, nao wana hoja mbili ambazo si haki kuzificha.

Wa kwanza alisema, "Njia mbili zilimshinda fisi. Daktari na atibu, mkulima na alime, kila mtu kazi yake." Hoja hii ni nzuri. Nami sipendi kutibiwa na daktari ambaye akili yake iko kwa kuku wake. Lakini fisi alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Sisemi mtu afanye kazi mbili kila siku. Nasema ajue ya pili vizuri, ili ya kwanza ikifungwa asikae njia panda. Tena anayeijua kazi hadanganywi na fundi anayemjengea, wala hanunui cherehani mbovu, wala haharibu kibanja cha mama yake kwa nia njema.

Wa pili alisema jambo lililonisumbua zaidi. Alisema, "Kama jembe ni kinga ya umaskini, mbona wenye jembe ndio maskini?" Usiku ule sikuwa na jibu, na nililala nikilifikiri. Nilikumbuka mwaka nilipochaguliwa kuja shule hii. Ada haikutakiwa, lakini nilihitaji godoro, sanduku, viatu na nauli. Baba aliuza kahawa yetu ikiwa bado mbichi mtini, biashara ambayo kwetu huitwa butura na ambayo Serikali imeikataza. Alipewa fedha kidogo mwezi wa Januari. Mavuno yalipokuja katikati ya mwaka, gunia zikaenda kwa aliyetoa fedha. Baba yangu anaijua kahawa: anajua kupogolea, kuchuma iliyoiva tu, kuanika ikauke vizuri. Hakukosa mikono. Alikosa hesabu ya kumwonyesha kwa karatasi kiasi anachopoteza, na akiba ya kumvusha miezi minne.

Basi jibu langu kwa rafiki yangu ni hili. Baba alikuwa na mikono bila kalamu, akanaswa na butura. Baba mdogo alikuwa na kalamu bila mikono, akanaswa na kausha damu. Wote wawili walikopa kesho yao wakaila leo. Ni ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja anakijua kile ambacho mwenziwe anakikosa, lakini kwa miaka ishirini hawakufundishana, kwa sababu mmoja alidhani amemzidi mwenziwe, na mwenziwe alidhani amezidiwa. Jembe peke yake si kinga, na cheti peke yake si kinga. Sisi tulioko shuleni tunayo nafasi ya kushika vyote viwili, tena tungali vijana.

Kwa hayo napenda kutoa mashauri manne, kwa heshima, kwa Mwalimu Mkuu, walimu na wenzangu.

La kwanza, jembe lisitumike tena kuwa adhabu. Ziko adhabu nyingine. Mkosaji anaweza kunyimwa mchezo wa Jumamosi, au kuandika insha juu ya kosa lake.

La pili, shamba la shule ligawanywe, na kila kidato kipewe sehemu yake pamoja na daftari la hesabu. Wanafunzi wenyewe waamue wapande nini, waandike mbegu ziligharimu kiasi gani na mavuno yalikuwa kiasi gani, na hesabu ibandikwe ubaoni mwisho wa muhula, faida ama hasara. Bwana shamba wa kata akaribishwe. Kidato kitakachofanya vizuri kisifiwe mstarini sawa na kile kilichofaulu mtihani.

La tatu, madawati yetu yaliyovunjika yatengenezwe na sisi. Nyuma ya stoo kuna lundo lake, na karibu yote yana kasoro ndogo: mguu umelegea, au ubao umeng'oka. Tunaweza kueleza habari za nguvu na mizani katika somo la Fizikia, lakini hatuwezi kuchonga ulimi wa kuingia katika tundu la dawati tunalolikalia. Seremala mmoja wa hapa jirani akiombwa kuja Jumamosi mbili kwa mwezi, na tukinunua misumeno miwili, randa na gundi, lundo lile litakwisha kabla ya mwaka kuisha.

La nne latuhusu sisi wa kidato cha nne. Tutamaliza mtihani mwezi wa Novemba, na wanaochaguliwa kidato cha tano huingia mwezi wa Julai. Hiyo ni miezi saba. Wengi wetu tunapanga kuitumia kwa kungoja matokeo. Naomba kila mmoja achague kazi moja ya mikono na kuijua mpaka mwisho, si kuionja tu: kushona, kujenga, kufuga nyuki, kutengeneza pikipiki, lo lote lililo karibu. Aende kwa mtu anayeijua, amsalimu kwa adabu, akubali kuanza kwa kufagia.

Mimi nimekwisha kuchagua. Nitakaa kwa bibi. Yeye atanifundisha migomba, tangu kuchagua chipukizi zima mpaka kuvunja ua dume kwa panda, nami nitamwandikia daftari la mikungu inayotoka na fedha zinazoingia, jambo ambalo hajapata kuwa nalo maishani. Kwa baba nitaweka daftari la kahawa, ili Januari ijayo akija mtu wa butura, tumpigie hesabu mezani kabla ya kumjibu. Baba mdogo ameahidi kuja likizo ya Desemba tupande tena pale palipofyekwa. Bwana shamba alishauri mahali pale papumzishwe kwanza miezi sita, na miezi hiyo itakuwa imetimia. Bibi alipoambiwa kwamba mwanawe anakuja kulima, aliuliza kama mara hii atakuja na kiberiti.

Haya ndiyo niliyoyaona mimi, nami ni mwanafunzi tu. Huenda nimekosea mahali. Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo, nitayasoma kwa furaha. Lakini mtu atakayenijibu kwamba jembe ni la walioshindwa, namwomba kwanza aulize nyumbani kwao ni nini kilichomnunulia godoro analolalia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne